BATI LANGU LI WAPI?

Mwenye Biblia karibu na afungue Wafalme wa Pili, mlango wa 12, kisha Wakorintho wa Pili, mlango wa 8.

Nianze kwa kukiri kosa. Nilipokuwa kasisi kijana, kabla sijaja hapa Dabaso, nilitumwa katika kanisa moja dogo lililoezekwa makuti. Tukatangaza mchango wa mabati. Mama mmoja mzee, mjane, ambaye riziki yake ilikuwa kusuka hayo hayo makuti, akaleta shilingi 200. Fedha zote za mchango nikazitia katika kopo chumbani mwangu, wala sikuandika popote. Usiku mmoja mtoto wa jirani akashikwa na homa kali. Nikachukua fedha katika kopo, tukamkimbiza hospitali, akapona. Nikachukua tena, na tena, kila mara kwa jambo jema. Masika ikaingia, na paa likavuja. Baada ya ibada yule mama akanijia, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu mchungaji, bati langu li wapi?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Sikuiba hata senti moja, lakini sikuweza kumwonyesha mtu yeyote kwamba sikuiba.

Miaka ilipita. Siku moja nikamsimulia habari hii jirani yangu Mkatoliki, ambaye ni mjumbe wa baraza la fedha la parokia yake. Akaniambia, "Kwetu sadaka hahesabu mtu mmoja." Akanieleza Sheria za Kanisa lao, zilizotolewa mwaka 1983 na Papa Yohane Paulo wa Pili. Kanuni ya 537 yaamuru kila parokia iwe na baraza la fedha, la kumsaidia paroko kusimamia mali. Kanuni ya 1284 yataka vitabu vya mapato na matumizi viandikwe vizuri, na taarifa itolewe kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 1287 yasema waumini nao wapewe hesabu ya vile walivyolitolea Kanisa. Na kanuni ya 1267 ndiyo iliyonichoma moyo: kilichotolewa kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo tu. Bati ni bati, halafu homa ya mtoto ichangiwe mchango wake.

Sisemi kwamba kila parokia yatimiza hayo. Sheria kuandikwa ni jambo moja, na kutiiwa ni jambo jingine. Hata wao watakuambia hivyo. Lakini aliyeandika kanuni amempa mjane haki ya kuuliza.

Tena hesabu humpa mchungaji nguvu. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba fedha zilizotolewa na wanasiasa katika kanisa la Soweto, Kayole, zitarudishwa. Zilikuwamo shilingi 600,000 na shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadre, zilizotoka kwa Rais. Kiasi kilijulikana, na mtoaji alijulikana. Mimi na kopo langu, ningerudisha nini, na kwa nani?

Haya si mambo mapya. Mfalme Yehoashi aliwaachia makuhani fedha za kutengeneza nyumba ya Bwana. Ukafika mwaka wa 23 wa utawala wake, na mabomoko bado yako pale pale. Ndipo kuhani Yehoyada akatoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, akaliweka kando ya madhabahu. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja. Fedha zikawafikia maseremala na waashi, na nyumba ikatengenezwa. Mtume Paulo naye, akipeleka mchango wa maskini, hakukubali kwenda peke yake. Alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa waandamane naye, ili aonekane mnyofu mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Ikiwa Paulo alitaka shahidi, mimi ni nani nisimtake?

Basi wewe mchungaji, mzee wa kanisa, au mama mweka hazina wa kikundi: usikasirike ukiulizwa. Wahesabu wawe zaidi ya mmoja. Andika siku ile ile. Soma hesabu mbele ya watu, hata ikiwa ni ndogo. Nawe unayetoa, uliza kwa upole, kama alivyouliza yule mama.

Mimi nilimwomba radhi mbele ya kanisa lote, nikalipa kidogo kidogo kutoka mshahara wangu. Siku bati lilipopigiliwa, alikuja akasimama chini yake, akatazama juu kwa muda mrefu. Hakusema neno.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeketi kulielekea sanduku la hazina ukaona senti mbili za mjane, utufundishe kuona kama uonavyo. Utupe mikono safi na daftari safi, hata siku ile utakapotuita tutoe hesabu ya uwakili wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.