Kromosomu Hushikwa Wapi? Somo la Nzi wa Ndizi katika Uwanda wa Ruzizi

Ndizi zikiiva kupita kiasi katika nyumba yoyote ya Luberizi, au ndoo ya kasiksi, pombe ya ndizi, ikiachwa bila kifuniko, vijinzi vyenye macho mekundu huanza kuzunguka. Mwenye nyumba huvipunga kwa mkono, kazi ikaendelea. Makala haya yanawaomba walimu wa sayansi wa uwanda wa Ruzizi, mashariki mwa Congo, wasivifukuze upesi hivyo, maana ndani ya nzi huyo mdogo limo jibu la swali zito: seli inapogawanyika, hujuaje mahali pa kuishikia kromosomu?

Anayezungumzwa ni Drosophila melanogaster. Si yule nzi mkubwa wa maembe, Bactrocera dorsalis, aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kuwatia hasara wakulima tangu hapo. Drosophila hufuata tunda linalochacha, naye ni mwenyeji wa Afrika: mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta porini katika milima ya Matobo, Zimbabwe, akifuata matunda ya mng'ongo.

Seli yake ina kromosomu 8 tu. Ya binadamu ina 46. Uchache huo ni neema kwa mchunguzi. Mwaka 1916, Calvin Bridges, mwanafunzi wa Thomas Hunt Morgan jijini New York, alionyesha kwamba nzi waliorithi rangi ya macho kinyume cha matarajio walitokana na mayai ambamo kromosomu X mbili zilishindwa kuachana. Kwa binadamu, kosa la namna hiyo kwenye kromosomu ya 21 ndilo huleta hali ya Down.

Kila kromosomu ina kishikio chake, sentromia. Hapo ndipo nyuzi za mgawanyiko hukamata na kuvuta, nakala moja huku, nyingine kule. Kromosomu isiyo na kishikio hupotea. Yenye viwili huweza kuraruka.

Mtu angedhani mahali hapo pameandikwa kwa herufi za DNA, kama jina la kituo lililopakwa rangi ukutani. Sivyo. Mwaka 2019, maabara za Barbara Mellone na Amanda Larracuente, Marekani, zilipofaulu kuzisoma sentromia za nzi, zilikuta kila moja ina mpangilio wake. Kipande pekee kilichoonekana katika zote ni cha jeni ya kuhamahama iitwayo G2/Jockey-3.

Kinachopatambulisha mahali hapo ni protini. DNA huzungushwa juu ya protini ziitwazo histoni kama uzi juu ya kibiringo, na kwenye sentromia histoni ya kawaida huiachia nafasi ndugu yake CENP-A, ambayo kwa nzi huitwa Cid. Mpagazi wake ni protini CAL1. Mwaka 2011, kundi la Patrick Heun nchini Ujerumani liliibandika Cid mahali ambapo DNA yake haikuwa ya sentromia hata kidogo. Kishikio kipya kikaota pale pale, kikaendelea kurithiwa hata baada ya protini iliyobandikwa kuondolewa. Urithi wa aina hii, usiotegemea mfuatano wa herufi, ndio uitwao epijenetiki.

Jaribio linalogusa zaidi ni la mwaka 2012, kutoka kundi la Christian Lehner, Zürich. Mbegu ya kiume inapokomaa, histoni karibu zote hutupwa ili DNA ifungwe kwa kukazwa sana. Cid hubaki. Watafiti walipoipunguza mno, kromosomu za baba zilishindwa kujiunga na mgawanyiko wa kwanza wa kiinitete, kikabaki na urithi wa mama peke yake. Walipoipunguza kiasi tu, sentromia za baba hazikuweza kurudia kiwango cha kawaida katika kizazi kilichofuata. Mtoto alirithi upungufu wenyewe, na hakuna herufi hata moja ya DNA iliyobadilika! Mwalimu anayefundisha kwamba urithi wote umo katika DNA ana sababu ya kuliongezea somo lake.

Mfano mwingine hauko mbali nasi. Nzi wa jamii jirani, Drosophila simulans, wa Ushelisheli, Madagaska na Afrika Mashariki wana kromosomu X yenye choyo: dume mwenye nayo huzaa majike wengi kupita kiasi, kwa kuwa nakala za Y hazitengani sawasawa mbegu zinapotengenezwa. Mwaka 2016 watafiti wa Ufaransa walimtaja mhusika: HP1D2, jeni changa ya protini inayokaa juu ya DNA iliyofungwa ya Y.

Kazi ya kumchunguza nzi wa ndizi haihitaji jumba la fahari ili ianze. Ishaka, magharibi mwa Uganda, mradi wa DrosAfrica umewafunza watafiti wa Kiafrika kumtumia nzi huyu. Luberizi, chupa ya plastiki, kipande cha ndizi na kitambaa mdomoni vinatosha: kwa nyuzijoto 25, yai huwa nzi kamili kwa siku kama 10, na dume hutambulika kwa ncha nyeusi ya tumbo.

Congo ina sababu yake ya kulifuatilia jambo hili la vishikio vya kromosomu. Mwaka 2014, Bungo Akiyoshi na Keith Gull wa Oxford walionyesha kwamba Trypanosoma brucei, kimelea cha malale, huzishika kromosomu zake kwa protini tofauti kabisa na zetu. CENP-A hana. Dawa itakayokibana kishikio hicho ingeweza kumzuia kimelea asigawanyike huku ikiziacha salama seli za mgonjwa, na tayari wapo wanaoitafuta.