Trakta Yetu Barabarani: Jibu kwa Swali la Wanachama

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Likasi)



Tuliombwa kuelezea mambo ya trakta. Kwenye mkutano uliopita wengi waliuliza: kwa nini makuta ya mbegu yalipungua, na kwa nini kwenye hesabu kuko "kamyo" mara mbili, kuko na "minyororo", kuko na "hospitali"? Ni swali la haki. Tutajibu bila kuficha, hata pale kosa ni letu sisi watu wa tereni.

Trakta yenyewe munaijua. Ni Massey Ferguson 135, ya aina iliyoanza kutoka kiwandani miaka ya 1960, moteri yake ni Perkins ya silinda tatu. Ni muzee lakini iko na nguvu, na fundi yeyote wa hapa anaweza kuitengeneza bila kompyuta. Ilikuwa inalala kwenye shamba moja la zamani upande wa Lubumbashi. Mashamba yetu yako upande wa Kambove. Kati yake kuko barabara kubwa ya kilomita 120 mpaka hapa Likasi, halafu udongo.

Wengine walisema: si trakta ina magurudumu, iendeshwe tu. Tulifikiri vile pia. Inakimbia kama kilomita 25 kwa saa, maana yake saa tano kama hakuna kitu kinachoharibika, katikati ya kamyo za madini na matanki ya asidi ambayo hayangoji mutu. Na freni za trakta hii ziko mbili, moja ya gurudumu la kushoto, moja ya kuume, kwa ajili ya kugeuka shambani. Ukisahau kuziunga pamoja na ukakanyaga moja kwa haraka barabarani, trakta inageuka na kulala. Haina hata chuma cha kumkinga dereva. Basi tukachagua kamyo, na pale tulichagua vizuri. Kuipakia njo kulitushinda.

Ilikuwa mwezi wa kumi, joto kali, na kila mutu alikuwa anatazama mawingu kwa sababu ilibaki wiki chache tu mvua ianze na tulime. Tuliharakisha. Tulijua trakta ina uzito wa karibu tani moja na nusu, tukatafuta mbao zinazoweza kubeba uzito ule. Hatukuuliza kama mipira ya nyuma iko na maji ndani. Ilikuwa nayo. Wakulima wa zamani walijaza maji ili trakta ishike udongo, zaidi ya lita mia moja kila upande. Na hata bila maji, sehemu kubwa ya uzito wa trakta inakaa nyuma. Tukaipandisha kwa mbele, kichwa kikitazama kamyo.

Magurudumu ya mbele yalifika juu. Ya nyuma yalipoingia kwenye mbao, ubao wa kushoto ulivunjika, trakta ikaserereka. Kijana wetu mumoja alikuwa amesimama kando, akiwa na jiwe mkononi ili azibe gurudumu. Muguu wake ulivunjika mahali pawili. Sisi njo tulimuambia asimame pale.

Mama yake alikuja hospitali usiku. Alituambia neno moja tu: "Ule mutoto nilimutuma kwa kazi, hapana kwa kufa." Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Makuta ya kumutunza yalitoka kwenye mfuko wa mbegu, kwa uamuzi wa komite, na nusu ya familia zilipanda mahindi kidogo kuliko tulivyoahidi. Hiyo njo sababu ya ile hesabu.

Mara ya pili tulifanya kazi na shofere muzee mumoja ambaye amebeba mashini kwa miaka mingi. Alitukataza mbao kabisa. Alizunguka shamba, akatuonyesha kichuguu, kimoja cha vile vichuguu vikubwa vya Katanga vinavyopita urefu wa nyumba. Tulikikata upande mumoja kwa jembe na koleo siku nzima, mpaka kikawa njia pana yenye mupando mudogo, na sehemu ya juu ikalingana na sakafu ya kamyo. Kamyo ikarudi nyuma, ikagusa udongo. Hakuna pengo, hakuna ubao. Maji ya mipira tulikuwa tumeshayatoa.

Trakta ilipanda kinyumenyume. Tuliuliza sababu. Akasema nguvu ya moteri inasukuma magurudumu ya nyuma, na mahali pa mupando mukali, kama kichwa kiko juu, kinaweza kuinuka na trakta ikamupindukia dereva. Mukia ukitangulia, uzito unabaki upande wa juu, na ndani ya kamyo unakuja karibu na kabine. Watu wote walisimama mbali, hata sisi wenye vitabu.

Halafu kufunga. Kamba hapana, minyororo tu, mine, kila kona moja, ikivutwa mbele na nyuma. Muda mrefu tulifikiri kufunga ekseli ya mbele kunatosha. Kumbe ekseli ile inacheza katikati ili trakta ipite kwenye mashimo, na mwili wake unaweza kuyumba juu yake hata ukiifunga kwa nguvu gani. Nguvu kubwa inawekwa nyuma. Vyuma vya usukani na mikono ya kuinua jembe haviguswi na munyororo. Vipande vya mti vilipigiliwa misumari mbele na nyuma ya kila gurudumu, freni ya mukono ikavutwa, betri ikafunguliwa, muferezi wa mazutu ukafungwa, na kopo likawekwa juu ya bomba la moshi ili mvua isiingie.

Bomba lile tulilipima pia. Juu ya kamyo linakaribia mita nne, na njia yetu inapita chini ya nyaya, za mitaa na za reli.

Tuliondoka asubuhi, kitambaa chekundu nyuma. Vijana watatu walikuwa wameshapanda juu ya muzigo. Tunaelewa. Wazee wetu waliolala stesheni ya Likasi 1992 na 1993 wakingoja treni ya Kasai, na wale waliorudi kutoka kambi za Zambia, wote tumekwenda juu ya mizigo maisha yetu yote. Shofere akazima moteri: "Miye siende na hii muzigo vile." Wakashuka, tukawalipia gari lingine. Hiyo pia iko kwenye hesabu.

Kilomita 15 baadaye alisimama akapima minyororo. Miwili ilikuwa imelegea, kwa sababu mipira inabonyea kamyo ikitikisika. Akaikaza, akasimama tena kabla ya daraja la Lufira, akavuka polepole. Jua halijatua tulikuwa Likasi.

Sasa kuko trakta ya pili, na jembe lake, kwenye shamba lile lile. Tunataka kuileta mwezi wa tano, wakati barabara ni kavu na hakuna mvua ya kutukimbiza. Minyororo tunayo. Kichuguu kimebomoka kidogo kwa mvua; tunahitaji watu kumi na koleo kwa siku moja. Anayetaka ajiandikishe kwa sekretere leo. Na kabla ya yote, komite itakwenda kwa ule mama, kumuambia tutakavyofanya na kumusikiliza.