Miungu ya Ng'ambo ya Mto



Dominika hii ya 21 ya Mwaka B, Mama Kanisa anatusomea sura ya mwisho ya Kitabu cha Yoshua. Mzee Yoshua amewakusanya makabila yote ya Israeli huko Shekemu. Nchi imekwisha kupatikana, vita vimetulia, kila kabila limepewa sehemu yake. Kiongozi mwingine, wakati kama huo, angechinja ng'ombe na kuwaita watu karamuni. Yoshua anawauliza swali: mnataka kumtumikia nani? Kisha anawatajia miungu ya pande mbili. Iko ile ambayo babu zao waliiabudu ng'ambo ya Mto, yaani kule Frati, kabla Abrahamu hajaitwa. Na iko ile ya Waamori, wenyeji wa nchi ambamo sasa wanakaa.

Tuangalie vizuri maneno hayo. Yoshua hasemi na wapagani. Anasema na taifa lililokombolewa kutoka Misri, lililolishwa mana jangwani na kuongozwa na wingu. Hata hivyo anajua kwamba miungu ya ukoo imesafiri pamoja nao, mizigoni, kimyakimya. Raheli, mke wa Yakobo, aliiba vinyago vya nyumbani kwa baba yake, akavificha chini ya tandiko la ngamia, akavikalia. Na baadaye ni hapohapo Shekemu ambapo Yakobo aliwaagiza watu wa nyumba yake watoe miungu yao ya kigeni pamoja na hereni za masikioni mwao, naye akavifukia vyote chini ya mti. Vizazi vingi vimepita, na watoto wa Yakobo wamerudi mahali palepale kuulizwa jambo lilelile.

Ndugu zetu, jiji letu la Dar es Salaam ni jiji la watu waliovuka mito. Mtu anayekaa Mbagala au Yombo alivuka Rufiji. Wa Tegeta na Bunju alivuka Wami au Pangani. Wapo waliotoka Kagera, Kigoma, Mbeya na Songea. Kila mmoja alikuja na kabati lake, godoro lake, cheti chake cha ubatizo, na pengine kitu kingine alichopewa na wazee usiku wa kuaga. Alipofika akakuta mambo ya wenyeji wa pwani nayo yanamsubiri. Ndiyo maana miungu ya ng'ambo ya Mto na miungu ya Waamori hukutana siku hizi katika chumba kimoja cha kupanga, huku ukutani imetundikwa picha ya Moyo Mtakatifu.

Wala tusiwasingizie Wazaramo. Anayebandika matangazo kwenye nguzo za umeme kutoka Tandale hadi Tandika hutaja kwa fahari kwamba yeye ametoka mkoa wa mbali, au hata nchi ya mbali. Matangazo yenyewe tunayajua sote: kusafisha nyota, kumrudisha mpenzi, kushinda kesi, kuzindika kiwanja, kuondoa chuma ulete dukani. Hakuna tangazo hata moja linalomwambia mtu asujudu. Maneno hayo hayatumiki tena. Mtu anaambiwa tu alete kuku wa rangi fulani, asimwambie mtu, na asigeuke nyuma anapoondoka. Jina la ibada halitajwi, lakini kuku anachinjwa, na anachinjwa kwa ajili ya mwingine asiyekuwa Mungu.

Tulitafakari jambo moja kwa marefu kidogo, maana ndilo linalowaumiza kina mama wengi wa parokia zetu za pembezoni. Tufikirie mama mkristo katika chumba cha kupanga huko Mbagala, saa nane ya usiku. Mtoto wake wa miaka miwili ana homa kali tangu jioni. Ghafla macho yanapinduka, viungo vinakakamaa na kutetemeka, povu linatoka mdomoni. Nyumba nzima inaamka. Kila mpangaji analijua jina la ugonjwa huo: degedege. Na pwani yetu hii, tangu zamani, wengi wamesadiki kwamba degedege ni pepo, au ndege apitaye usiku juu ya mtoto, na kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano atakufa. Basi mama mkwe anasema, tena kwa upole: "Mwanangu, hili si la hospitali. Kwanza afukizwe, apungwe, hospitali mtakwenda kesho." Mume ananyamaza. Majirani wanaitikia kwamba bibi ana haki.

Huyo bibi si adui. Anampenda mjukuu wake kuliko anavyojipenda mwenyewe, na huenda alizika watoto wake mwenyewe kwa ugonjwa huohuo. Lakini mama huyu amewekwa Shekemu, usiku huo, bila kuitwa na tarumbeta. Akikataa, ataambiwa ana kiburi cha dini. Na mtoto akifa mikononi mwa madaktari, hataambiwa kwamba malaria imemwua. Ataambiwa yeye ndiye aliyemwua kwa ukaidi wake. Neno hilo litamfuata jikoni, kisimani na msibani kwa miaka mingi.

Hapa yatupasa kusema mambo mawili waziwazi. La kwanza ni la akili aliyotupa Mungu. Degedege la mtoto mwenye homa huweza kutokana na malaria iliyopanda kichwani, na malaria huletwa na mbu. Tena kila saa inayopita bila dawa humwongezea mtoto hatari. Kumchukua mtoto yule upesi na kumpeleka hospitali, iwe Temeke au Mwananyamala au zahanati iliyo karibu, ni tendo la imani kamili, hata kama mama hakupata nafasi ya kusali sala ndefu. Mungu aliyeumba mtoto ndiye aliyeumba pia akili ya mganga wa hospitali.

La pili ni kwamba hatulaani dawa za miti. Wako watu wanaodhani padre akisema juu ya waganga anataka kung'oa mwarobaini wa uani. La hasha! Hata Serikali yetu ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili mwaka 1974, na iko sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002. Mzee anayejua mzizi wa kutuliza tumbo ana elimu ya kuheshimiwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2116 na 2117, inapambanua jambo hili vizuri: inalokataza ni ramli, kuziita nguvu za giza, kutaka kuzitawala nguvu zilizofichika, hata kama nia ni kupata afya, na kuvaa hirizi. Jani ni jani. Lakini jani likianza kudai kuku, siri na jina la jirani aliyekuroga, hapo limekwisha kuacha kuwa dawa.

Na hilo la jina la jirani lina uzito wake. Kila ramli ina mwisho wake, na mwisho wenyewe ni kumpata mtu wa kulaumiwa. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa ajili ya moshi wa kuni za miaka hamsini, huko Usukumani, amekatwa mapanga kwa sababu ya ramli. Ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa ahadi za utajiri, hata mapema mwaka 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Mkristo anayelipa fedha yake kwa mpiga ramli ili duka lake la Tandika liuze zaidi huenda anajiona hana shirika na mambo hayo. Mto ni uleule, yeye amechota upande wa juu tu.

Wasikilizaji wapendwa, mtatuuliza: ni nani katika watu wa kwetu aliyewahi kusimama namna hiyo, mbele ya jamaa zake? Tuwatazame mashahidi wa Uganda. Imani waliyoifia ilipitia hapa karibu na kwetu. Wamisionari waliowabatiza walipanga msafara wao Bagamoyo mwaka 1878, wakatembea kwa miguu hadi ziwani. Mwishoni mwa mwaka 1882 mapadre wale wakalazimika kuondoka Buganda, wakavuka ziwa kuja Bukumbi, upande wetu wa Mwanza, wakakaa mpaka mwaka 1885. Makatekista, tunawaomba mlishike hilo. Kwa miaka karibu mitatu waamini wachanga walikaa bila padre na bila Misa. Walifundishana wenyewe, wakasali pamoja, na waliporudi mapadre walikuta idadi ya wanaosali imeongezeka.

Kisha Kabaka Mwanga akageuka. Yosefu Mukasa Balikuddembe akauawa tarehe 15 Novemba 1885, na mwezi Mei mwaka uliofuata vijana wa ikulu wakaamriwa kujitenga: wanaosali upande huu, wasiosali upande ule. Mfalme hakuwaletea sanamu ya dhahabu kama ile ya Nebukadneza. Aliwataka tu wamweke yeye mahali pa Mungu, wamtii hata katika uchafu, na waache kusali. Karoli Lwanga akapita upande wa wanaosali, na wenzake wakamfuata, hata Kizito, mdogo kuliko wote, ambaye Lwanga alikuwa amembatiza usiku wa kuamkia siku hiyo.

Katika hao alikuwamo kijana mmoja ambaye habari yake haisimuliwi mara nyingi kwetu. Mbaga Tuzinde alikuwa wa nyumba ya Mukajanga mwenyewe, mkuu wa wauaji. Basi jamaa zake walimsihi. Hawakumtaka asujudu, hawakumtaka hata amtukane Kristo. Walimwomba akubali kufichwa, na aseme tu kwamba ameacha kusali, yaishe. Ni ombi la mama mkwe wa Mbagala kabisa: dogo, la siri, la upendo. Mbaga akakataa. Mukajanga, akiwa hana njia tena, akaagiza apigwe kwanza shingoni afe, ndipo mwili wake uwekwe motoni, ili asisikie moto. Ilikuwa Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana. Papa Paulo VI aliwatangaza wafia dini hao 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Twajua kwamba si kila msimamo hulipwa papo hapo. Wale vijana watatu wa Kitabu cha Danieli, kabla ya kutupwa tanuruni, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, lakini hata kama hatawaokoa, hawataiabudu sanamu yake. Hilo neno la pili ndilo gumu. Wahubiri wengi wa siku hizi, katika viwanja na katika redio, hulisema la kwanza kwa sauti kubwa na kuliruka la pili. Wao walitoka salama, Mbaga hakutoka. Na wako wazazi katika parokia zetu waliomkatalia mganga, wakamkimbiza mtoto hospitalini, wakamzika. Kwao hatuna maelezo ya haraka. Tunalojua ni kwamba imani yao haikuwa biashara, na kwamba hawakumpa mtoto wao aliye mgonjwa kwa bwana mwingine.

Injili ya leo nayo haifichi lolote. Wengi miongoni mwa wafuasi wa Yesu waliona neno lake la mkate wa uzima ni gumu, wakarudi nyuma, wasiandamane naye tena. Yesu hakuwakimbilia wala hakulipunguza neno lake. Akawageukia wale Thenashara, akawauliza kama nao wanataka kwenda zao. Petro akajibu kwa niaba ya wote kwamba hawana mwingine wa kumwendea. Jibu la Petro si la mtu aliyeelewa kila kitu. Ni la mtu aliyekwisha kuzunguka milango mingine akaona hakuna kitu.

Lakini Petro alijibu akiwa kati ya kumi na mmoja wenzake, na Yoshua alisema yeye pamoja na nyumba yake. Yule mama wa Mbagala, je, ana nani saa nane ya usiku? Jumuiya ndogondogo yetu hukutana mara moja kwa wiki, husoma neno, huchanga sadaka, hutaja wagonjwa, kisha kila mtu hurudi kwake na kufunga mlango. Tunaomba wiki hii, mtakapokusanyika, kabla ya sala ya mwisho, kila jumuiya iulizane swali moja: mtoto akishikwa usiku, nani apigiwe simu? Nani ana bajaji au pikipiki? Nani atakwenda kuketi na bibi, amwamkie kwa heshima, shikamoo yake ikiwa ya kweli, amweleze polepole wakati mama yuko njiani kwenda hospitali? Majina yaandikwe, na namba za simu ziandikwe, karatasi ikabandikwe mlangoni kwa ndani. Na kama katika nyumba yako kuna kitu kilichofichwa chini ya tandiko, kilete kwa paroko wako bila aibu, hata usiku. Ataomba pamoja nawe, nanyi mtakifukia pamoja, kama alivyofanya Yakobo.

Tumsifu Yesu Kristo.