Mbwa Hajileti Mwenyewe Kwenye Chanjo

Leo nataka kuzungumza na wewe unayesema, "Mimi napenda wanyama, ila watu siwawezi." Mko wengi, hasa mnaotaka kujitolea siku ya chanjo ya mbwa. Kupenda wanyama ni jambo jema, lakini mbwa hajileti mwenyewe kwenye chanjo. Analetwa na mwenye mbwa, na huyo akiudhika, basi tena.

Inakadiriwa kuwa kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kuua mbwa ovyo hakumalizi ugonjwa huu. Kinachosaidia ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100, tena mwaka hadi mwaka, maana wengine wanazaliwa. Sasa hao 70 utawapataje kama hujui kuongea na watu?

Chukua mfano huu. Unaingia kwenye boma, unamkuta mbwa kafungwa kwa waya, shingo ina kidonda. Hasira zinakupanda: "Nyie mnatesa mnyama, mtashtakiwa!" Ni kweli, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Lakini ukishaondoka, waya utabaki palepale, na mwakani ukionekana tu unakuja, mbwa atafichwa.

Jaribu hivi: "Shikamoo mzee. Tumekuja kwa habari ya chanjo. Huyu mbwa anaitwa nani?"

"Simba."

"Anakusaidia kazi gani?"

"Analinda mbuzi usiku."

Hapo nyamaza, msikilize. Huenda atakueleza mwenyewe kwamba Simba alizoea kutafuna kamba na kutoroka, ndiyo maana akafungwa kwa waya. Kumbe mzee alikosa njia nyingine tu! Sasa mnaweza kuongea juu ya mkanda mpana, hata wa kukata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, usiobana, vidole viwili vipite. Kidonda nacho aonyeshwe bwana mifugo. (Wakatili wa kweli wapo, sikatai. Huyo usibishane naye, mpelekee habari afisa mifugo.)

Utakutana pia na anayesema chanjo inampunguzia mbwa ukali. Usimcheke. Mwambie mbwa anaweza kupoa siku moja hivi, kisha atabweka kama kawaida. Na kama uko Pwani, kumbuka kuwa kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi. Ukimlazimisha mtu amshike mbwa umemvunjia heshima. Uliza kwa adabu nani amemzoea. Mara nyingi utaambiwa ni mtoto. Basi mtu mzima awepo karibu, maana mbwa akiogopa sindano hata rafiki yake anamng'ata.

Usiondoke kabla hujauliza kama kuna watoto wa mbwa. Watu wengi huwaacha nyumbani wakidhani hawajafikia umri, kumbe hata walio chini ya miezi mitatu huchanjwa.

Jambo lililobaki ndilo zito kuliko yote. Mtoto akija kukuambia ameng'atwa, usimfokee, "Ulimchokoza wewe!" Mtoto anayeogopa kugombezwa huficha jeraha, na jeraha lililofichwa ndilo linaloua. Mwoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo akaanze sindano. Njiani muulize taratibu: alikuwa mbwa wa nani, ana rangi gani, na amekimbilia wapi?