POMBOO NA TAA WA MTO MEKONG

Ndugu zangu, leo tuzungumze juu ya wanyama wawili wanaoishi katika mto mmoja. Mto wenyewe unaitwa Mekong, nao unapita Kambodia, huko Asia. Mmoja ni pomboo. Wa pili ni taa. Siyo taa ya kusomea, hapana! Ni yule samaki bapa kama ungo, mwenye mkia mrefu na mwiba wa sumu. Wavuvi wetu wa pwani wanawajua taa, ila wao huwapata baharini.

Haya, nani mkubwa? Wengi watasema pomboo. Siyo. Mwezi wa Juni 2022, mvuvi mmoja wa jimbo la Stung Treng alimnasa taa kwa ndoana. Watu zaidi ya kumi walimvuta mpaka ukingoni. Kumpima, kilo 300! Urefu karibu meta 4. Pomboo wa mto huo hafiki hata kilo 200. Mvuvi alilipwa bei ya sokoni, na taa akarudishwa mtoni akiwa hai. Mimi nasema kulipa kulisaidia sana, maana mvuvi naye ana watoto wa kulisha.

Taa ni samaki kweli. Anapumua majini kwa mashavu, na hukaa chini kabisa, amejifukia mchangani. Pomboo siyo samaki, ingawa ana mapezi. Ana mapafu kama mimi na wewe. Ananyonyesha mtoto. Tundu la pua liko juu ya kichwa, na lazima apande kila mara kuvuta hewa.

Sasa sikilizeni. Mtu anatega wavu jioni, anakwenda kulala. Pomboo ananasa. Hawezi kupanda juu, basi anakufa maji ndani ya mto wake mwenyewe. Asubuhi ni mzoga tu. Na pomboo huzaa mtoto mmoja mmoja, tena baada ya kubeba mimba zaidi ya mwaka. Wakifa wanne, kuwarudisha ni kazi ya miaka.

Mwaka 1997 pomboo wa Mekong walikuwa kama 200. Mwaka 2020 walibaki 89. Upande wa Laos, wa mwisho alikufa mwaka 2022. Serikali ya Kambodia imekataza nyavu hizo mahali wanapoishi, na walinzi wanazunguka kwa mashua. Hesabu ya mwaka 2024 ilipata 105. Wako watu vijijini wenye mbuzi wengi kuliko hao.