Ng'ombe wa Kompyuta

Msimu mmoja wa pamba nilikuwa Ngulyati, wilayani Bariadi. Mzee mmoja mkulima akaniuliza: "Mwanangu, binti yangu kachaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma, shahada ya kompyuta, miaka mitatu. Niuze ng'ombe akajifunze kupiga chapa?"

Sikumcheka. Mwaka 1974 Serikali yenyewe ilizitilia shaka mashine hizi, ikapiga marufuku kuziingiza nchini.

Nikamwonyesha daftari la mizani lililokuwa mbele yetu. "Mzee, kilo zako zimo humu. Ukurasa ukichanika, utadai kwa ushahidi gani? Kupiga chapa ni kazi ya wiki chache. Binti atasomea namna ya kupanga kumbukumbu kama hizi zisipotee, zisighushiwe, na wewe mwenyewe uweze kuziona."

Mzee akalitazama daftari kwa kitambo. "Basi akimaliza, aanze na mizani hii."

Ng'ombe aliuzwa. Sasa swali ni letu, ndugu wasikilizaji: vijana hawa wakishahitimu, tumewaandalia kazi gani huko mashambani, au wote watabaki mjini kutengeneza simu zetu?