Hotuba Juu ya Deni la Masomo na Mapato ya Vijana wa Umeme
(Iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mmekwisha kusomewa hesabu ya fedha ambazo chama kiliwapa watoto wetu kwa nauli na vitabu. Juu ya fedha hizo sina neno. Nataka kusema juu ya sahihi za wazee.

Mwanafunzi aombaye mkopo wa masomo hutakiwa kuleta wadhamini. Basi huja jioni na karatasi mkononi, na mzee, kwa furaha ya kuona mtoto wa ukoo anakwenda chuo kikuu, hutia sahihi pasipo kuuliza. Baba yangu alimtilia sahihi mdogo wangu, mwana wa baba mdogo, akidhani anashuhudia tu kwamba amjua kijana. Kumbe alikuwa amesimama nyuma ya deni.

Mikopo hii si jambo geni. Serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa namna hii mwaka 1952 kwa ajili ya waliokwenda kusoma ng'ambo, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria mwaka 1995. Riba yake ya 4% kwa mwaka ni nafuu. Taabu iko penginepo.

Mdogo wangu alisomea shahada ya teknolojia ya umeme miaka minne, akakopa shilingi 45,000 kila mwaka, jumla 180,000. Riba ya fedha hizo ni shilingi 7,200 kwa mwaka, yaani 600 kwa mwezi. Lakini sheria humpa aliyemaliza masomo mwaka mmoja tu. Asipoanza kulipa, adhabu ni shilingi 5,000 kila mwezi. Yeye alimaliza mwaka 2017, akanyamaza. Mwaka 2020 alipoomba kazi katika shirika la umma alitakiwa kuleta cheti cha Bodi, ndipo alipokuta adhabu ya miezi 24, shilingi 120,000, mbali na mkopo na riba. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na adhabu zisizidi mkopo wenyewe. Ni vema, lakini hata hivyo deni laweza kufika mara mbili.

Kwa nini alinyamaza? Wazee wangu, mniwie radhi, sisi nasi tulikuwa na sehemu katika kosa hilo. Nyumbani tulimwita injinia, tukamngojea na mshahara wa injinia. Mhandisi husoma miaka mitano na huandikishwa na Bodi ya Wahandisi chini ya sheria ya mwaka 2011. Wenye shahada ya teknolojia wana sheria yao ya mwaka 2016 na bodi yao nyingine. Kazi yao ni ya heshima, lakini cheo ni kingine, na mara nyingi mshahara pia. Naye mshahara hakuwa nao kabisa. Alikuwa akitia nyaya katika nyumba za watu, na kwa kuwa hakuwa na leseni ya fundi umeme, hakuweza kutia sahihi hati ya kazi iliyokamilika. Mkandarasi mwenye leseni ndiye aliyetia sahihi, akapokea malipo, akampa kijana alichopenda kumpa. Mwezi mmoja alipata kidogo, wa pili hakupata kitu. Aliona haya kutuambia, na barua za deni akazificha chini ya godoro.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kamati iweke kitabu cha wadhamini: jina la mwanafunzi, jina la mzee, kiasi, na mwezi wa kumaliza masomo. Ufikapo mwezi wa kumi baada ya kumaliza, kijana na mdhamini wake waitwe. Kama kijana hana kazi, aende kwa Bodi akaeleze hali yake kabla adhabu haijaanza. Pili, sehemu ya fungu la nauli itumike kuwakopesha mafundi wetu ada ya leseni, kwa maana mwenye leseni hupokea malipo yake kwa mkono wake.

Baba yangu ameniruhusu niandike jina lake la kwanza. Kitabu nimekwisha kukinunua, kiko mezani kwa Bwana Mweka Hazina, na wazee waliopata kutia sahihi wanaweza kumwona kabla ya chai.